Wimbi la Mabanga Lililoandikwa Kitale

Tulipomzika kaka yangu Wekesa kule Kanduyi, nilitoa suti yangu nyeusi kutoka sandukuni, na harufu ya naftalini ikanikaa kooni tangu nyumbani kwangu Matisi hadi kaburini na kurudi. Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Ni vile vidonge vyeupe kama peremende ambavyo mama zetu walivitia katikati ya mablanketi, wakituonya kwamba mtoto akilamba kimoja hataiona jioni. Kwa wengi ni harufu ya nguo za Krismasi. Kwangu mimi ni harufu ya mikono ya baba. Watu waliokuwa kando yangu walidhani machozi yangu yote siku ile yalikuwa ya kaka. Mengi yalikuwa yake, kwa kweli. Mengine yalikuwa ya jambo ambalo sikuwahi kumwambia yeye wala mtu mwingine, na ninaliandika sasa kwa sababu wote niliokuwa nikiwaficha wameondoka.

Baba alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo, nje kidogo ya mji wa Kitale. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne, na kazi yake ilikuwa kukausha majani ya mimea iliyougua. Ofisi yao ilikuwa chumba kirefu chenye makabati ya chuma ya rangi ya kijani. Ndani ya makabati mlikuwa na bahasha za karatasi zisizo na idadi, na katika kila bahasha jani la mahindi, la kahawa au la maharagwe, lenye kutu au madoa au masizi. Magonjwa hayo, baba alinieleza, ni kuvu: kitu hai kisicho na mizizi wala majani, kinachoingia ndani ya mmea ulio hai na kula humo humo bila kualikwa.

“Angalia huyu,” angesema, akiniwekea kioo cha kukuzia juu ya doa dogo la rangi ya chungwa. “Ako na bibi na watoto hapo. Na ako na jina ya kanisa.”

Jina la kanisa lilikuwa lile refu la Kilatini. Baba aliyajua mengi kwa moyo, akiyatamka kwa lafudhi ya Bungoma hata Mrumi mwenyewe asingeyatambua.

Jani bichi liliwekwa katikati ya magazeti makuukuu, likabanwa kati ya mbao mbili zilizokazwa kwa mikanda ya ngozi. Kila asubuhi magazeti yalibadilishwa, mpaka jani likakauka bila kukunjamana. Kisha liliingia katika bahasha, bahasha ikabandikwa kwenye karatasi ngumu, na vidonge vya naftalini vikawekwa kabatini ili wadudu wasile kilichokwisha kuliwa na kuvu. Jioni, baba aliponishika kichwa kunisalimu, nilijua amerudi kabla sijageuka kumwona.

Majirani zetu katika nyumba za wafanyakazi, ambao wengi walikuwa madereva wa trekta na walinzi, walimcheka bila kuchoka.

“Jirani! Mboga imekauka?”

“Bado, bana. Ikikauka nitaita bibi yako apike.”

“Ati serikali inakulipa mshahara kuanika kunde! Si hata nyanya yangu alikuwa anaanika, na hakupewa koti!”

Baba alicheka nao. Lakini tukiwa wawili tu alisema kwamba kazi yake haikuwa kukausha majani. Kazi yake ilikuwa lebo. Kila bahasha ilikuwa na lebo ndogo yenye mistari mitano: mmea gani, ugonjwa gani, umetoka wapi, tarehe gani, na nani aliukusanya. Jani lisilo na lebo, alisema, ni la kuwashia jiko. Lakini likiwa na lebo, mtu atakayezaliwa baada yetu anaweza kulifungua akajua kuvu hii iliishi wapi, juu ya mmea gani, na kama tangu hapo imehama au imekufa.

Sasa mjue jambo moja. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa baba vilikuwa vimepinda tangu ujana wake, alipobanwa na mashine ya kusaga mahindi. Kusoma alisoma vizuri. Kuandika, aliandika herufi kubwa zilizoanguka huku na huku, na lebo ilikuwa ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Mimi nilikuwa darasa la tano, na mwalimu wetu alipenda kuonyesha daftari langu kwa darasa zima kwa sababu ya mwandiko. Kwa hiyo kila Jumamosi baba alikuja nyumbani na lebo tupu mfukoni, pamoja na vikaratasi alivyoandika mwenyewe shambani, na Jumapili baada ya kanisa nilikaa naye nje kwenye benchi nikizinakili kwa wino mweusi. Ilikuwa kinyume cha sheria za ofisi. Lebo ilitakiwa kuandikwa na mwenye kazi, si na mtoto mwenye mafuta ya mandazi kwenye vidole.

“Wewe ndio mkono yangu,” aliniambia. “Lakini shuleni usiseme.”

Sikusema. Sijawahi kujiona mtu mkubwa kama nilivyojiona kwenye benchi lile.

Mstari wa mwisho wa lebo, ule wa aliyekusanya, haukuwa na jina la baba hata mara moja. Majani mengi aliyachuma yeye, akiwa na panga na gunia, lakini jina lililoandikwa lilikuwa la mkubwa wa ofisi. Kisha akaja mkubwa mpya, ambaye sisi sote tulimwita Daktari tu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuwa mtu wa haki. Nalisema hilo mapema ili msije mkamlaumu kwa yatakayofuata. Siku moja alimwambia baba: “Niletee kitu ambacho hakimo kabatini. Ukione mwenyewe, ukichume mwenyewe, ukiandike mwenyewe. Nitaandika jina lako kwenye lebo, na nitakuombea nafasi ya kwenda kozi.” Kozi ilikuwa njia ya kupanda cheo. Baba alitueleza habari hiyo akila, na kijiko kikabaki hewani mpaka uji ukapoa.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na mashamba madogo ya majaribio, kila moja na kibao chake cha namba. Mwezi wa sita mahindi ya shamba moja yaliota masizi: mahali pa punje palivimba, pakapasuka, unga mweusi ukamwagika. Sisi watoto tulijipaka usoni tukacheza vita. Baba alikuja na mkoba wake, akachuma mahindi mawili, akaandika kikaratasi, na Jumapili nikanakili lebo nikitaja namba ya shamba lile. Siku tatu baadaye watu wa kituo wakaja na mapanga, wakang'oa mahindi yote, mazima na magonjwa, wakayamwagia mafuta ya taa na kuyachoma. Moshi wake ulikuwa mzito na mtamu kidogo, kama mahindi yaliyosahauliwa jikoni. Nilisimama nikitazama, na akili yangu ya mtoto ikaunganisha mambo mawili ambayo hakuna mtu aliyeniambia niyaunganishe. Kwanza huandikwa lebo. Halafu huja moto.

Sikumuuliza baba. Watu wazima wanadhani mtoto asiyeuliza ameelewa.

Mwezi uliofuata, baba alinichukua tukaenda kumtembelea Kukhu, mama yake, huko Mabanga karibu na mji wa Bungoma. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara, na kaka yangu Wekesa alikuwa apitie kisu mwezi wa nane. Kwetu Wabukusu kijana hatahiriwi kimyakimya. Lazima busaa, ile pombe ya nafaka, ipikwe kwa wimbi la nyumbani, yaani ulezi, na yeye mwenyewe amimine maji kwenye chungu mbele ya ukoo. Kukhu alikuwa amelima wimbi kwa ajili hiyo, shamba dogo lililoshuka kutoka nyumba yake hadi mtoni. Alilipanda mwenyewe, akalipalilia akiwa amepiga magoti, na alipoongea juu yake aliliita “wimbi ya Wekesa” kana kwamba mjukuu wake ndiye aliyekuwa akikua pale chini. Na kila mtu alijua kwamba kijana akikosa mwaka ule angesubiri miaka miwili, akiitwa omusinde, yaani asiyetahiriwa, hata na watoto aliowazidi kimo. Wekesa alikuwa tayari ameanza kuota ndevu.

Tulikuwa tukitembea ukingoni mwa shamba baba aliposimama ghafla. Akainama. Akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya kanisa. Katika masuke machache, punje za wimbi zilikuwa zimevimba zikawa vipele vya kijani vyenye manyoya laini, na nyingine zilikuwa zimegeuka nyeusi. Baba alikamua moja, yakatoka maji mazito kama uji wa masizi. Akacheka peke yake.

Kukhu alimjia akiwa na jembe begani. “Ni nini?”

“Mama, ni ugonjwa! Hii hatuna! Kabati yote, hii hatuna!”

“Wewe, mtoto wangu.” Kukhu alilishusha jembe. “Nimekuzaa, nimekusomesha, ndio uje kushangilia ugonjwa kwa shamba ya mama yako?”

“Si ugonjwa mbaya, Mama. Ni vichwa vichache tu. Toa hivyo, choma. Zingine ziko sawa.”

“Na hii ya mfukoni unapeleka wapi?”

“Kwa serikali.”

“Ati serikali inakula wimbi imeoza! Basi peleka yote, nipumzike kuchuma.”

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaketi chini ya ukingo, akatoa kalamu, na kwa herufi zake zilizoanguka akaandika kwenye kikaratasi: wimbi; Mabanga, Bungoma; shamba la mama yake, kwa jina. Na kwenye mstari wa mwisho, kwa mara ya kwanza, akaandika jina lake.

Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu katika mazungumzo yale. Choma.

Sasa ninaweza kueleza kwa nini nilifanya nilichofanya, na mtu mwema atanisamehe sehemu hiyo. Jumapili baada ya safari hiyo nilikaa kwenye benchi, kikaratasi cha baba kimewekwa kijiwe kisipeperushwe. Nilisoma jina la Kukhu. Niliona wanaume wa kituo wakishuka Mabanga na mapanga na mafuta ya taa, Kukhu amesimama na jembe lake, Wekesa akisubiri miaka miwili na ndevu zake. Baba alikuwa ameingia ndani kuchukua chai. Kwenye mstari wa mahali nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko siku zote: Kitale, kando ya barabara. Barabara si ya mtu. Barabara haichomwi. Kikaratasi chake nikakikunja, na baadaye nikakitumbukiza chooni.

Baba alirudi na vikombe viwili. Alichukua lebo akaiinua kwenye mwanga. Lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho na yakabaki hapo. Alilisoma jina lake kimya, midomo ikitembea. Mstari wa mahali haukumshughulisha, kwa sababu alijua wimbi limetoka wapi, na kwa sababu aliniamini. “Umeandika vizuri,” akasema, na akanipa chai yenye sukari mara mbili.

Mwezi wa nane ulifika. Hakuna aliyechoma chochote Mabanga. Wimbi lilivunwa, likatwangwa, busaa ikachachuka, na Wekesa akamimina maji kwenye chungu. Alizunguka kwa jamaa wote akipiga chinyimba, zile kengele zinazofungwa mikononi, na alfajiri moja yenye baridi kali akatoka mtoni amepakwa tope mwili mzima, akasimama wima mbele ya kisu, na hakupepesa jicho. Wanawake walipiga vigelegele. Kukhu alicheza mpaka kitambaa chake kikaanguka. Nami nilisimama kati yao nikijiambia kwamba yote haya yapo kwa sababu yangu. Nilikuwa na furaha kubwa. Siwezi kudanganya juu ya hilo.

Kabla shule hazijafunguliwa, mama alinituma nimpelekee baba chakula cha mchana. Nilifika mlango wa ofisi na ugali umefungwa kwenye kitambaa, nikamkuta Daktari amesimama mbele ya meza, bahasha ya wimbi iko wazi mbele yake. Walikuwa wamekuja wageni wawili wenye elimu hiyo ya kuvu, wakitaka kuuona mmea ukiwa hai. Daktari alikuwa amezunguka nao kando ya barabara za Kitale asubuhi mbili, wasione hata suke moja la wimbi.

“Hapa umeandika Kitale,” Daktari alisema.

Baba aliitazama lebo. Niliona alivyoisoma mara ya kwanza, kisha mara ya pili. “Si Kitale, Daktari. Ni kwa mama yangu. Mabanga.”

“Basi twende tukaone.”

“Imevunwa. Na zile zilikuwa gonjwa nilimwambia achome.”

“Kikaratasi ulichoandikia shambani kiko wapi?”

Baba alipapasa mifuko yote minne, ingawa alijua hakimo. Daktari hakupandisha sauti. Alisema nusu ya sampuli ile imekwisha kutumwa ng'ambo kwa posta, na lebo hiyo hiyo. Kisha akainamisha kichwa, akauliza, “Mwandiko huu ni wa nani?”

Hapo ndipo baba aliponiona mlangoni. Macho yetu yalikutana. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi, akamgeukia mkubwa wake.

“Ni wangu.”

Daktari alimsogezea kalamu na karatasi. “Andika neno Kitale.”

Baba aliishika kalamu kwa vidole vyake vilivyopinda. Aliandika polepole sana, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikuona alichoandika, lakini nilimwona Daktari akitazama karatasi ile, kisha akitazama dirishani.

“Mzee,” alisema, na kwa kumwita hivyo nilijua mambo yameharibika, “kosa la lebo moja ningelisahihisha. Lakini sasa niambie: katika kabati hizi zote, lebo zipi ni za kweli?”

Baba aliirudisha kalamu mezani. Jibu nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa mdomoni, fupi, maneno matatu tu: ni mimi niliandika. Ugali ulikuwa ukinichoma mikono kupitia kitambaa. Niliuweka juu ya kiti karibu na mlango, nikakimbia.

Jioni tulikutana njiani. Tulitembea pamoja kuelekea nyumbani. Kisha aliniuliza, bila ukali wowote, “Siku ile nilikupa uandike nini, pale kwa mahali?”

“Kitale, Baba.”

“Kitale?”

“Ndiyo. Kitale, kando ya barabara.”

“Na karatasi yangu?”

“Sijui. Labda ni upepo.”

Alitembea hatua kadhaa. “Basi nilikosea mimi,” akasema.

Nimeishi miaka mingi na sijui mpaka leo kama aliniamini au aliniachia. Nimepima sauti ile mara nyingi. Siku nyingine naisikia kama mtu mchovu anayejilaumu kweli. Siku nyingine naisikia kama baba anayeufunga mlango taratibu ili mtoto asiumie kidole. Lebo niliibadilisha nikiwa na hofu ya mtoto, na hiyo ninaiacha ilivyo. Jibu hili la njiani halikutoka kwenye hofu ya wimbi. Wimbi lilikuwa limekwisha kunywewa. Nilidanganya ili nibaki mtoto mzuri mwenye mwandiko mzuri.

Daktari hakumfukuza. Alimtoa ofisini akampeleka kwenye mashamba ya majaribio, kupalilia na kufukuza ndege. Kozi akaenda mtu mwingine. Koti la kaki lilirudishwa stoo. Majirani walisubiri wiki moja hivi, kisha mmoja akajaribu: “Jirani, siku hizi huaniki mboga?” Baba akajibu, “Jua imekuwa kidogo,” na hawakucheka, na hawakuuliza tena. Mikono yake ilianza kunuka udongo na majani mabichi kama mikono ya wanaume wote wa pale. Jumapili baada ya kanisa nilikaa kwenye benchi lile na kitabu, yeye akakaa upande wa pili wa nyumba.

Kwa mshahara wa jembe alinisomesha mpaka kidato cha nne. Katika kidato cha pili, mwalimu wa kilimo alitufundisha kwamba mazao huchomwa ili ugonjwa usisambae, na kwamba shamba la mkulima haliwezi kuchomwa kwa sababu tu jani lake limewekwa kabatini. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuja nyumbani likizo ile nimejiandaa kusema, nikamkuta baba anatengeneza mpini wa jembe, akafurahi kuniona, akaniuliza habari za masomo, nikampa habari za masomo. Likizo zilizofuata zilikuwa vivyo hivyo. Nilipata kazi, nikaoa, nikawa na watoto, na kila nilipomtembelea nilikuwa na sababu nzuri ya kungoja safari nyingine. Alifariki hajasikia. Baada yake nilijiambia nitamweleza Wekesa, kwa kuwa ni kwa ajili yake nilianza. Mnajua nilichosema kwenye mazishi yake, mbele ya watu? Nilisema alisimama wima mbele ya kisu. Watu walipiga makofi.

Jioni ya mazishi, mjukuu wangu Nafula, anayesomea mambo ya mimea chuoni, alinisaidia kuikunja suti. Alikunja pua. “Babu, hii dawa inanuka! Hata huko chuo, chumba ya mimea mikavu inanuka hivi hivi.”

Nikamwambia baba yangu alifanya kazi katika chumba kama hicho. Hakujua. Watoto wangu hawakujua pia, walijua alikuwa kibarua wa shamba. Nafula akatoa simu. Alinieleza kwamba siku hizi bahasha za zamani zinapigwa picha, moja moja, na mtu yeyote anaweza kuzitafuta kwa jina la mmea au la mahali. Nikamwambia atafute wimbi. Nikamwambia aandike Kitale.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Alinigeuzia simu, akaikuza kwa vidole viwili. Karatasi ngumu imegeuka rangi ya kahawia. Bahasha. Lebo, wino wake bado mweusi. Jina la baba limepigwa mstari mmoja mwekundu ulionyooka, na chini yake, kwa mwandiko wa Daktari: mahali pana shaka.

“Lakini Babu, ona hii mwandiko,” Nafula alisema. “Ni kama mtoto ameandika.”

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kama nilivyowaambia ninyi. Alipoona nalia alinishika bega. “Si ulikuwa mtoto, Babu.”

“Nilikuwa mtoto siku moja,” nilimjibu. “Baba aliishi miaka mingapi baada ya hapo?”

Aliichukua simu tena. Kisha akanitafutia anwani ya wanaotunza bahasha ile, nami nikaandika barua kwa mkono wangu, nikaeleza wimbi lilitoka wapi, nani aliliona, nani aliandika lebo na kwa nini. Yeye akaipiga picha akaituma.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Alikuwa mama mmoja anayetunza mimea mikavu huko ilikohifadhiwa bahasha ile sasa, mwenye sauti ya upole ya kiofisi. Aliisoma barua yangu, alisema, mara mbili.

“Mzee, sisi hatufuti lebo. Hata ikiwa na makosa. Tunabandika karatasi nyingine kando yake, na kila mtu anaona zote mbili.”

“Ni sawa, mama. Na ule mstari mwekundu?”

“Utabaki. Lakini kwenye karatasi mpya nitaandika kwamba kwa maelezo yako, aliyekusanya ni baba yako, na mahali ni Mabanga.”

“Na lile neno, shaka? Utaliondoa?”

“Kuna mtu mwingine aliyeliona hilo wimbi? Kuna karatasi yoyote?”

“Hakuna. Nimebaki peke yangu.”

“Mwandiko unaonyesha kwamba ni wewe uliandika, Mzee. Hauonyeshi wimbi lilitoka wapi. Na shahidi niliye naye ni mmoja tu, naye ndiye...”

“Ndiye aliyedanganya,” nikamalizia.

“Pole, Mzee.”

“Hapana, mama. Liache. Hilo ni langu.”

Nikasikia akivuta kiti na kuchukua kalamu. Akaniomba nimtajie jina kamili la baba, herufi moja moja, asije akakosea. Nikalitaja. Yeye akawa anairudia kila herufi baada yangu, akiandika. Alipofika mwisho aliniuliza kama amelipata sawasawa. Alikuwa amelipata, lakini nilimwomba alisome tena lote, kuanzia mwanzo.